Mafundi wa AC wanaopima kwanza ndipo waseme gesi: huduma niliyoipata Mbezi Beach

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikiwasifia mafundi hawa. Kuosha AC moja, mashine ya ndani na ya nje, wanatoza shilingi 45,000. Mitaa hii ya kwetu unaweza kumpata kijana akakuoshea kwa 25,000, na ukiwa na AC kadhaa anashuka hadi 20,000. Kwa hiyo ni kweli, ni ghali. Nimewalipa kwa AC tatu, nikalipa na matengenezo ya mbili kati ya hizo, na wakija tena nitawalipa bila kunung'unika. Nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa Dar hela nyingi zinapotea kwenye AC, na nyingi zinapotelea kwenye gesi ambayo mwenye nyumba hakupaswa kuinunua.

Ni ndugu wawili, kaka mtu na mdogo wake. Wana fremu ndogo upande wa Tegeta, lakini kazi zao karibu zote ni za kufuatwa nyumbani. Mkubwa amesoma VETA, mdogo anajifunzia kwake. Majina na namba siviweki hapa kwa sababu kaka mtu ameniomba hivyo: wateja wa kuambizana wanamtosha, na hapendi kupigiwa simu na watu ambao hataweza kuwafikia kwa wakati. Ninachoweza kueleza ni wanavyofanya kazi, ili hata ukimwita fundi mwingine ujue cha kumdai.

Nyumba yetu iko upande wa baharini wa Barabara ya Bagamoyo. Sebuleni kuna AC ya BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ya zamani, ya gesi ya R22. Chumbani kwetu kuna ya 12,000, na chumbani kwa mama mkwe kuna nyingine ya 12,000, hizi mbili za gesi ya R410A. Iliyonisumbua ni ya mama. Mama ana pumu, na umri umeshakwenda. Kaskazi likiingia, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Dar na ule unyevu wake vinamkatisha usingizi kabisa. Kwake AC siyo anasa, na mtu asiyeishi na mgonjwa wa pumu asiharakishe kusema tufungue dirisha.

AC yake ilikuwa haipozi. Unaiweka 16, inapuliza upepo tu. Kila kaskazi likianza anaitwa fundi, anafunga geji ya presha, anaangalia mshale, anasema gesi imeisha, anajaza, analipwa 120,000, chumba kinapoa. Masika yanafika, hewa inatulia, mambo yanasahaulika. Kaskazi likirudi, ni yale yale. Walikuja mafundi tofauti kwa miaka tofauti, na hakuna hata mmoja aliyeuliza gesi ya mwaka jana imekwenda wapi.

Huyu kaka mtu aliuliza, tena kwenye simu kabla hajaja. Inapoza kidogo usiku au haipozi kabisa? Inadondosha maji ukutani? Lile bomba jembamba nje linashika barafu? Lini mara ya mwisho ilijazwa gesi, na ilikaa muda gani? Nikamjibu kila kitu, akasema, "Basi mama, usinunue gesi kwa mtu yeyote mpaka nije."

Walifika na shikamoo zao, wakavua viatu mlangoni, wakamsalimia bibi kwa utaratibu na kumwomba ahamie sebuleni kwa muda. Kitanda kikafunikwa, turubai likatandikwa sakafuni. Nilidhani wataanza na geji. Wakaanza na kipima joto. Hewa inayoingia kwenye AC kwa juu ilikuwa nyuzi 30, inayotoka chini 24. Kaka mtu akasema AC nzima ya aina hii inatakiwa ishushe nyuzi 8 hadi 12 hivi, hii imeshusha 6. Kisha akaenda nje, akabana waya wa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, kwa klampu mita, kifaa cha kupima umeme: ampea 3.4. Kibandiko cha mashine kinasema 5.1. Ndipo akafunga geji, presha ikasoma psi 70, wakati kwa R410A joto kama hili anategemea 110 hadi 130.

Kwa vipimo hivyo fundi mwingine angekuwa ameshanipa bei ya gesi. Yeye akasema bado. Koili ya ndani, yale mabomba na bati zinazopoza hewa, ikiziba kwa uchafu, hewa haipiti vizuri, gesi haipati joto la kubeba, na presha inashuka hivyo hivyo kama gesi pungufu. "Nikijaza sasa hivi halafu nikaosha kesho, gesi itakuwa imezidi, na kompresa itaumia. Tuoshe kwanza, tupime upya." Vipimo vyote akaviandika kwenye daftari lake mbele yangu, akaniambia nipige picha. Nikapiga.

Kuosha kwenyewe ndiko kulikonionyesha tofauti ya 45,000 na 25,000. Wengi tumezoea filta inatolewa, inasuguliwa, koili inapulizwa maji kwa juujuu, kazi imekwisha. Hawa walifungua kava lote la mbele, wakafunika ubao wa umeme kwa nailoni na gundi ya karatasi, wakaifungia AC mfuko mpana wa plastiki wenye mpira unaoshuka hadi kwenye ndoo. Maji hayakupigwa kwa ile mashine ya kuoshea magari. Mdogo mtu alikuwa na pampu ya mgongoni, ile ya kupulizia dawa shambani, mpya, ya kazi hii tu. Presha kubwa inalaza zile bati nyembamba za koili, na zikilala hewa haipiti tena. Na hawakutia asidi. Nilisisitiza kuuliza, maana kuna fundi aliwahi kuosha hapa na dawa iliyotupalia sote kooni. Asidi inang'arisha kwa siku moja, alisema, lakini inakula alumini, na ikishaanza hairudi nyuma. Wanatumia sabuni ya maji iliyochanganywa nyepesi, wanaiacha dakika chache, wanaisuuza mpaka maji yatoke safi.

Feni ya ndani, ule mviringo mrefu unaosukuma upepo, hapo ndipo uchafu wenyewe ulipo. Mdogo mtu aliuzungusha taratibu kwa kidole huku akipuliza, na kila upanga wake ulikuwa umejaa utandu mweusi wa ukungu na vumbi lililogandamana. Ndoo ya kwanza ilitoka nyeusi tii, ya pili ya kijivu. Kwenye kisahani cha maji chini ya koili kulikuwa na ute mzito wa rangi ya waridi, na ndio uliokuwa unaziba mpira wa kutolea maji na kulowesha ukuta. Nilisimama pale nikafikiri kwamba mama mwenye pumu amekuwa akilala chini ya kitu hiki usiku kucha, miaka yote. Watu waliokuwa wanachukua 120,000 walikuwa wanafungua kava hilo hilo.

Baada ya kuosha na kukausha wakaiwasha, wakangoja robo saa, wakapima tena. Upepo umeongezeka wazi, unausikia kwa mkono. Geji: 85. Uchafu ulikuwa na sehemu yake, lakini gesi kweli ilikuwa pungufu. Hapo ndipo aliponiambia maneno ninayotamani kila mwenye AC ayasikie: "Mama, gesi ya AC siyo kama ya jikoni, haichomwi. Inazunguka humo humo miaka yote. Ikipungua, kuna mahali inatokea. Mimi sikuuzii gesi kabla sijapaona."

Alivyopatafuta naeleza, kwa sababu sikuwahi kuona mtu akifanya hivi nyumbani kwangu. Gesi iliyobaki hakuiachia hewani. Aliiwasha mashine, akafunga koki moja ya nje, kompresa ikaivuta gesi yote ikaingia kwenye mashine ya nje, akafunga na koki ya pili na kuizima. Kumbe inawezekana, na haichukui hata dakika tano. R410A ikiachiwa inaongeza joto la dunia zaidi ya mara 2,000 ya hewa ukaa kwa uzito ule ule, na ndiyo maana ilipofika 2016, pale Kigali, nchi zilikubaliana kuzipunguza gesi za jamii hii. Fundi anayefungua nati na kuiacha ifoke hadi iishe anamwibia mteja na anaharibu hewa ya wote.

Kisha mabomba na mashine ya ndani akavijaza naitrojeni kutoka kwenye mtungi mdogo waliokuja nao, hadi psi 300, akafunga na kuweka alama ya mshale kwa kalamu. Wakaenda kuosha AC ya chumbani kwetu. Waliporudi mshale ulikuwa umeshuka. Mdogo mtu akachukua sponji yenye povu zito la sabuni, akapitisha kwenye kila nati, ya ndani na ya nje, bila haraka. Kwenye nati ya bomba jembamba, pale linapoingia mashine ya nje, povu likaanza kutoa vipovu vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, polepole mno. Angekuwa mtu wa kupitisha mara moja na kuondoka asingeviona. Akaniita nikaangalie.

Nati ilipofunguliwa, ule mdomo wa shaba uliopanuliwa ulikuwa na ufa mwembamba. Aliyeifunga AC hapo mwanzo aliikaza kupita kiasi. Akaukata mdomo wote kwa kikata bomba, akasafisha makali ya ndani, akaupanua upya, akapaka tone la mafuta, akakaza kwa spana yenye kipimo. Naitrojeni tena, psi 300 tena. Safari hii mshale haukusogea, na waliuacha hadi walipomaliza kula.

Halafu pampu ya vakyumu, nusu saa nzima. Nimeambiwa na jirani kwamba mafundi wengi wanairuka hatua hii au wanaiwasha dakika tano za kuonyesha. Kazi yake ni kutoa hewa na unyevu ndani ya mabomba, na kwa pwani yetu hii unyevu haukosekani. Ukibaki, unachanganyika na mafuta ya kompresa, mafuta yanageuka asidi, na kompresa inakufa baada ya miaka michache bila mtu kujua sababu. Alipozima pampu hakufungua gesi mara moja. Alingoja aone kama mshale utapanda. Haukupanda.

Gesi iliyofungiwa mashine ya nje ikafunguliwa, na kilichopungua akakiongeza kwa mizani, mtungi umesimamishwa kichwa chini, maana R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu na inatakiwa iingie ikiwa ya maji, kidogo kidogo. Ziliingia gramu 240, nami nikalipa kwa gramu hizo, siyo kwa "kujaza". Vipimo vya mwisho: psi 122, ampea 4.9, hewa inaingia 29 inatoka 17. Kuziba uvujaji pamoja na naitrojeni na vakyumu ikawa 70,000, gesi 30,000. Ukijumlisha na kuosha ni 145,000, yaani 25,000 zaidi ya kile kilichokuwa kinalipwa kila mwaka bila kuponya kitu.

Ya chumbani kwetu haikuwa na hadithi. Ilioshwa, ikapimwa, ikawa sawa.

Ya sebuleni, ile ya R22, feni ya nje ilikuwa inaanza kwa kusuasua na kompresa inaunguruma kabla ya kushika. Akazima breka, akaitoa kapasita, kile kifaa kinachosaidia feni na kompresa kuanza, umeme uliobaki ndani yake, akaipima: imeandikwa mikrofaradi 35, ikasoma 26. Hawauzi vipuri, na hilo nimelipenda. Walinitumia picha ya maandishi yake nikamwagiza kijana wetu Gerezani, Kariakoo, akairudisha kwa 15,000. Ikafungwa, mashine ikashika palepale. Ampea zilikuwa 8.9, na baada ya kuosha koili ya nje iliyojaa chumvi na vumbi zikashuka hadi 7.7. Lakini aliniambia wazi: hii ikija kufa kompresa, usiitengeneze. R22 ndiyo ile inayotoboa tabaka la ozoni, inadhibitiwa chini ya Mkataba wa Montreal, na nchi kama zetu zimepewa hadi 2030 kuachana nayo karibu yote. Gesi yake itazidi kuwa ghali, na mtungi wa bandia nao upo sokoni. Bora hela hiyo iwe mwanzo wa kununua AC ya inverter, ile inayopunguza mwendo wa kompresa badala ya kuzima na kuwasha. Fundi anayekukataza kazi ambayo angelipwa, huyo mshike.

Kasoro zipo. Walisema saa tatu asubuhi, wakafika karibu saa tano, na simu ya kunijulisha niliipiga mimi. Hawana ngazi ndefu, ikabidi niazime kwa jirani ili waifikie mashine ya nje ya sebuleni. Ukuta wa chumbani kwetu ulirukiwa na maji machafu pale mfuko wa plastiki ulipoteleza. Waliufuta, lakini alama imebaki na itangoja rangi. Risiti niliyopewa ni ya kuandikwa kwa mkono, kila kipimo kimeorodheshwa vizuri, ila ukihitaji ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa ajili ya ofisi waulize kabla. Na kazi inachukua siku nzima. Kama unataka mtu wa kuingia na kutoka kwa nusu saa, hawa watakuchosha.

Kwa umeme, nitasema ninachokiona. Mwezi uliofuata tulinunua LUKU ya 95,000, na kabla yake ilikuwa inakaribia 130,000. Hali ya hewa ilikuwa imepoa kidogo, kwa hiyo siwezi kuwapa wao sifa yote. Lakini AC ya mama sasa inapumzika. Zamani kompresa ilizunguka usiku kucha bila kufika joto lililowekwa, na AC ya BTU 12,000 ikizunguka bila kupumzika inakula uniti moja kwa saa au karibu na hapo. Kwa bei ya majumbani kwetu, elfu kumi inatoa uniti kama 28 kabla ya kodi ya jengo kukatwa, kwa hiyo unaona fedha ilivyokuwa inateketea. Sasa tumeiweka 25, inafika, inakata, chumba ni kikavu. Mama ameacha kuiwasha na kuizima kwa rimoti usiku. Analala.

Walipoondoka waliniachia maagizo machache. Filta zioshwe kwa maji ya bomba kila wiki mbili, zikauke kivulini. Mashine za nje, kwa kuwa tunapigwa na upepo wa bahari, zisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na presha mara moja kwa mwezi, breka ikiwa imezimwa, maana chumvi ndiyo inayozimaliza AC za huku kabla ya umri wake. Chuma kinachoibeba mashine ya sebuleni kimeliwa na kutu upande mmoja, na wamekataa kuhakikisha usalama wake kupita mwaka huu. Hiyo ndiyo kazi itakayofuata, na nimeshamwambia mchomeleaji.

Ukitaka kuwapata, uliza kwa majirani wa Mbezi Beach au Tegeta waliokwisha kuhudumiwa, na usingoje joto likukute. Kuanzia katikati ya Novemba hawashikiki. Sisi tumewaweka Oktoba, na mara hii nimeomba waanze na chumba cha mama saa mbili asubuhi.